Suan Siyo Teng: Miezi Sita ya Kung Fu, Kutoka Kibirizi Hadi Dengfeng

Wanaonipigia simu kuniuliza habari za kwenda China kujifunza kung fu huanza na nauli. Mwezi huu wamefika watatu, wawili wa hapa Kigoma mjini na mmoja wa Kasulu, na wote nimewauliza swali moja: ukiumia mguu, utamwambiaje mwalimu wako? Wanakaa kimya kidogo, kisha wanarudi kwenye nauli. Siwalaumu. Mwaka 2023 mimi mwenyewe nilijua gharama za safari mpaka shilingi ya mwisho, na sikujua neno hata moja la Kichina la kusema naumia. Neno la kwanza nililofundishwa na mwenzangu halikuwa lenyewe, na neno hilo lilinichania msuli wa paja.

Nimeona niandike yote kwa pamoja, ya mfukoni na ya mwilini.

Nilianza kung fu nikiwa na miaka 14, kwenye mchanga wa Kibirizi, pale zinapopakia boti za kwenda vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Mama yangu anaanika dagaa hapo mpaka leo. Asubuhi mitumbwi ikishatua na dagaa wakishatandazwa, sisi vijana kama kumi tulichukua kipande cha ufukwe kilichobaki wazi. Mwalimu wetu alikuwa seremala aliyejifunzia Dar es Salaam, mtu mpole, mwenye mateke mazuri kuliko yeyote niliyemwona kabla ya kusafiri. Mchanga ule ulitulea. Ukianguka unakupokea, ukiruka unakumeza mpaka kwenye vifundo, na ikifika saa 3 joto lake limeshaingia kwenye nyama. Sikuwahi kupasha mwili moto zaidi ya dakika tano. Kwetu mwili unaamka umeshapata moto, nami nikadhani ndivyo mwili wangu ulivyoumbwa. Sikujua kwamba ulikuwa wema wa mahali.

Ujiji nina bibi, mama yake mama, mkandaji. Huletewa watu walioteguka, walioanguka minazini, wavuvi waliokaza shingo kwa kuvuta nyavu usiku kucha. Bibi hamgusi mtu kabla hajamhoji. "Inavuta au inachoma? Inafukuta? Inadunda? Ina ganzi?" Akishajibiwa ndipo anachovya vidole kwenye mawese ya uvuguvugu. Nilikua nikiyasikia maswali hayo kila likizo, nikidhani ni maneno ya kumtuliza mgonjwa tu.

Sasa fedha, maana najua wengine wameruka mpaka hapa. Paspoti ni shilingi 150,000. Mwanafunzi wa muda mfupi hupewa viza ya X2, isiyozidi siku 180, na kuipata unahitaji barua ya kupokelewa kutoka shuleni. Ubalozi uko Dar es Salaam, na kutoka hapa Kigoma, mwisho wa reli, mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Nilikwenda mara mbili kwa sababu mara ya kwanza karatasi zangu zilikuwa pungufu. Safari hiyo ya pili ilinigharimu zaidi ya paspoti yenyewe. Kagua karatasi zako zote ukiwa bado Kigoma. Ada ya shule ilikuwa yuan 18,000 kwa miezi sita, kulala na kula ndani yake. Wakati huo yuan moja ilienda kama shilingi 350, kwa hiyo ni milioni 6.3. Tiketi ya ndege kwenda na kurudi, milioni 2.9. Ukijumlisha treni ya kutoka Guangzhou mpaka Zhengzhou, nguo na vitu vidogo vidogo, nilifikisha milioni 11. Milioni 7 zilikuwa akiba yangu ya miaka mitatu ya kupeleka mawese Tabora, mbili mama alizikopa kwenye kikoba chake, zilizobaki alitoa mjomba. Katika hesabu nzima hapakuwa na shilingi ya matibabu, wala sikukata bima ya safari. Ndugu yangu, bima ikatwe kabla ya tiketi, na usome kama inagharamia majeraha ya michezo ya kupigana, kwa sababu nyingi haziyagharamii.

Dengfeng ni mji wa jimbo la Henan, chini ya mlima Songshan. Hekalu la Shaolin, lililoanzishwa mwaka 495, liko upande wa magharibi wa mji. Kuzunguka hapo kuna shule nyingi za kung fu zenye wanafunzi makumi ya maelfu, wengi wao watoto. Nilifika usiku, wiki ya mwisho ya Oktoba, nikalala bila kuona chochote. Asubuhi niliamshwa na sauti. Kwanza nilidhani ni mvua kubwa inakuja juu ya mabati. Kumbe ni watoto wanakimbia, maelfu ya miguu kwenye lami, na juu yake makoo yanahesabu: yi, er, san, si. Nilisimama dirishani nikalia. Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo tangu utoto bila kujua kwamba ipo.

(Jambo moja kabla sijasahau: sheria ya China inataka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli hulifanya yenyewe. Ukifikia kwingine, hakikisha wenyeji wako wamekuandikisha, na uombe karatasi yake.)

Baridi haikuja siku moja. Novemba majani ya miti yaligeuka rangi ya dhahabu, nikayapiga picha nikamtumia mama. Kufika Desemba, alfajiri ilikuwa nyuzi 6 chini ya sifuri. Naomba msomaji wa Kigoma anielewe: baridi yetu ya Juni, ile ya kuvaa sweta mpaka saa 3, haihusiani na hiyo. Ile ni hewa iliyopoa. Hii ina meno. Siku za kwanza pua ilitoka damu, siyo kwa kupigwa, ila kwa ukavu. Nimezaliwa kando ya ziwa na pua yangu haikujua hewa isiyo na maji. Midomo ilipasuka. Visigino vilichanika mpaka nikaogopa kuvaa soksi. Nilikuwa na chupa ndogo ya mawese ambayo bibi alinifungia ndani ya nguo. Nilipoitoa ilikuwa imeganda kama kipande cha sabuni, na ilinibidi niiweke kwapani robo saa ili nipate tone la kujipaka. Harufu yake ilipofunguka chumbani, nilimwona bibi.

Tuliamka saa 11 alfajiri. Saa hiyo Kigoma ni saa 6 usiku, kwa kuwa China wametutangulia saa tano. Nikifunga kamba za raba nilikuwa nafikiri: sasa hivi mitumbwi ya dagaa iko ziwani na taa zake, mama amelala. Kisha tunatoka kukimbia. Kilomita ya kwanza hewa inakata koo, mate yanakuwa na ladha ya msumari, machozi yanatoka bila huzuni. Kilomita ya tatu mgongo umelowa jasho. Hapo ndipo kosa langu la kwanza la mwili lilipokuwa: nilikuwa navaa fulana ya pamba ndani, jasho likabaki kwenye pamba, na tukisimama tu ile pamba inakuwa kitambaa cha barafu mgongoni. Nilikohoa wiki tatu. Koti zuri nililonunua mtumba soko la Mwanga halikuzuia upepo hata kidogo. Usibebe koti kutoka nyumbani. Chukua fulana tatu za michezo zisizonywa jasho, ukifika nunua nguo za ndani za kubana zenye manyoya (mimi niliuziwa yuan 60), na ubadilishe fulana papo hapo mkishasimama, hata mbele za watu.

Baada ya kukimbia ni mabu, yaani kusimama kama uliyepanda farasi. Nilikuwa naijua mabu. Kibirizi niliweza kusimama dakika mbili nikiongea. Mwalimu wa Dengfeng alikuja akanigusa magoti na fimbo nyembamba, akanishusha kipimo cha kiganja kimoja, akanisogeza visigino, kisha akaondoka. Kiganja kimoja tu. Kutetemeka kulianzia ndani ya mapaja, mahali ambapo hakuna anayepaona. Kukapanda tumboni, kukafika kwenye meno. Jasho lilishuka kwenye jicho nikashindwa kulifuta, kwa maana mkono ukitoka kiunoni unaanza kuhesabiwa upya. Mapaja yalianza kwa uzito, yakaja moto, halafu yakaja kitu ambacho sikuwa na jina lake kwa Kiswahili: kama msuli umetiwa ndimu ndani. Sikujua wakati ule kwamba wenyeji wa pale wanakiita hivyohivyo.

Siku ya pili na ya tatu baada ya mazoezi hayo ni mbaya kuliko siku yenyewe. Ngazi za bweni nilizishuka kinyumenyume. Chooni, choo cha kuchuchumaa kama chetu, nilishikilia bomba. Hilo halina ubaya, linapita, na kutembea kidogo kunalipunguza.

Bwenini tulikuwa wageni sita. Mmoja alikuwa kaka wa Lubumbashi, naye Kiswahili chake na changu vilikutana njiani tukaelewana vizuri. Alikuwa ameshakaa miezi minne. Nilimuuliza, inauma nasemaje? Akanijibu: mwalimu akikuuliza, wewe sema suan, ataridhika. Na kweli aliridhika. Kila asubuhi tulipoweka mguu juu ya chuma na kulalia paja, mwalimu alipita akiuliza, "Suan bu suan?" Nikajibu, "Suan!" Akasema, "Hao," yaani vizuri, akanikandamiza mgongo kidogo zaidi. Nikaona nimeijua lugha ya mahali. Goti likiuma nilisema suan. Kidole cha mguu kilipovimba nilisema suan. Kwa miezi miwili mwili wangu wote ulikuwa na neno moja.

Jumatatu moja ya katikati ya Desemba nilikuwa na mafua, nikaruhusiwa nisikimbie. Niliingia moja kwa moja ukumbini. Ukumbi hauna joto. Ni zulia jembamba juu ya saruji, na saruji ile baridi yake unaisikia kwenye mifupa ya nyayo. Wenzangu waliingia wakifuka moshi mabegani kwa kukimbia. Mimi nilikuwa mkavu. Tukaanza kunyoosha. Nililala juu ya paja la kulia, mwalimu akaja nyuma, akaweka viganja vyake mgongoni.

"Suan bu suan?"

Ilikuwa inachoma. Chini kabisa ya kalio, pale mfupa wa kukalia unapoanzia, palikuwa na kitu kama ncha ya moto. Nikasema, "Suan."

"Hao."

Akaongeza uzito. Nilisikia kwa ndani sauti kama kamba ya nyavu ikikatika ndani ya maji, ndogo, ya karibu sana. Kisha mguu mzima ukapata joto zuri la ghafla, la kwanza tangu Novemba. Nilisimama. Niliweza kutembea. Nilimaliza hata mazoezi ya asubuhi.

Siku tisa zilizofuata ndizo ninazozijutia, kuliko asubuhi ile. Sikumwambia mtu zaidi ya kaka wa Lubumbashi. Usiku ule alinikanda kwa nguvu zake zote na dawa ya maji ya pale, yenye karafuu maiti, ambayo harufu yake inafika mpaka kwenye ubongo na inawasha ngozi kiasi kwamba husikii kingine. Alikuwa na nia njema. Lakini msuli uliochanika haukandwi siku za mwanzo, wala haupashwi moto. Damu inazidi kuvuja ndani. Unapumzishwa, unapozwa, unafungwa bandeji, mguu unainuliwa. Siku ya tatu nyuma ya paja paligeuka zambarau, na ile rangi ikateremka kidogo kidogo mpaka nyuma ya goti. Nililala kifudifudi. Darasani nilikaa upande mmoja wa kalio. Kwenye simu mama aliniuliza mbona sauti yangu imekwenda chini, nikamwambia ni mafua. Nilikuwa nafikiria kikoba chake.

Aliyenigundua ni mama wa jikoni. Mwanamke wa makamo, mikono mikubwa, aliyezoea kuniongezea kabichi kwa kuwa aliona siwezi kumaliza mikate yao ya mvuke. Aliniona siku ya nne mfululizo nakula tambi nikiwa nimesimama. Akaja, akaelekeza kidole kwenye mguu wangu, akauliza: "Teng bu teng?"

Sikulijua neno hilo. Nikajibu lile langu. "Suan."

Akatikisa kichwa. Akachukua chupa ya siki, ile inayokaa kwenye kila meza ya tambi kule Henan, akamimina tone kijikoni, akaninyweshea. Uso wangu ukakunjamana. "Suan," akasema. Kisha akanishika mkono akanifinya, akanifinya kwelikweli, kwa kucha. Nikaruka. "Teng," akasema. Akaelekeza tena kwenye mguu, akangoja.

Nikasema, "Teng." Na nilipolisema mara ya kwanza machozi yakanitoka mbele ya meza nzima ya watoto.

Suan ni ukali wa ndimu na siki. Wachina hulitumia pia kwa ule uchachu wa msuli uliofanya kazi, na mwalimu anapouliza suan bu suan anauliza kama zoezi linaingia. Ukijibu suan umemwambia: linaingia, endelea. Teng ni maumivu. Kuna na neno ma, yaani ganzi na kuchomwachomwa. Kuna na zhang, kujaa na kubana kwa ndani kama kitu kimevimba. Kwa miezi miwili mtu yule alikuwa ananiuliza maswali ya bibi yangu kila asubuhi, nami nilikuwa namjibu kama kasuku.

Mwalimu alinipeleka hospitali siku hiyohiyo kwa pikipiki yake ya umeme, nimekaa kiupandeupande nimemshika bega. Kule hospitali unalipa kwanza, kila hatua: kuandikishwa, daktari, kipimo. Nilitumia yuan 860 mchana mmoja, karibu laki tatu, na picha ya sumaku (MRI) ilionyesha msuli wa nyuma ya paja umechanika nusu, karibu na mfupa wa kukalia. Wiki nane bila kunyoosha mguu ule. Nimelipia miezi sita, na miezi miwili imeondoka.

Tukiwa tunasubiri dawa mwalimu aliandika kwenye programu ya kutafsiri ya simu yake, akanigeuzia kioo. Ilisema: "Nilikuuliza kila siku. Kwa nini ulisema suan?" Nilimtazama usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia.

Nimelifikiria sana jambo hili na sitaki kumbebesha wala kubeba yote. Sikupaswa kusema neno nisilolijua maana. Naye hakupaswa kuweka uzito wake juu ya mwili ambao haujapashwa, wa mgeni, kwa kutegemea jibu la mdomo peke yake. Uso wangu ulikuwa unasema. Wachina wana msemo, chi ku, kula uchungu, na kila anayekwenda kule huambiwa siku ya kwanza. Nauheshimu. Lakini anayekula ni vizuri ajue ni nini kilichoko kwenye sahani. Na leo nikikuta mtu amemkalia mwenzake mgongoni ili miguu ifunguke, namwondoa, awe mwalimu au nani.

Januari sikuweza kupiga teke wala kukimbia. Mama wa jikoni alinionyesha bustani nyuma ya soko ambako wazee hufanya baduanjin, vipande nane vya hariri: mazoezi ya polepole ya kusimama, mikono inapanda na pumzi, visigino vinainuka na kushuka. Nilikwenda kwa kukosa la kufanya. Nilibaki kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa nausikia mwili wangu wote, siyo ule unaopiga kelele peke yake. Nyayo zilinipa habari: uzito uko kisiginoni, sasa uko kwenye kidole gumba. Bibi mmoja, mfupi kunifikia kiwikoni, alinishika kiuno bila kuniomba ruhusa akanisogeza kidogo, na lile paja likaacha kuvuta. Nilimpa heshima yangu kwa mikono miwili. Jioni nilikuwa naandika maneno kwenye daftari: inavuta, inachoma, inadunda, inakwama, mbele yake Kichina, na mama wa jikoni ananisahihisha huku anamenya vitunguu saumu.

Mwaka mpya wa Kichina uliangukia Februari 10. Wanafunzi walirudi makwao, shule ikawa kimya hata nikasikia bendera ikipigwa na upepo. Siku hizo nilikwenda hekaluni. Katika Ukumbi wa Mabuddha Elfu sakafu ina vishimo vilivyopangana, na masimulizi ya pale ni kwamba vilichimbika kwa nyayo za watawa waliokuwa wakifanya mazoezi vizazi kwa vizazi. Nilivitazama muda mrefu. Nilitazama na umbali wa kishimo na kishimo: hatua fupi, ya kawaida, ya mtu anayekusudia kurudi kesho.

Machi nilianza tena. Dakika 20 za kupasha mwili kabla ya kugusa chuma, kila siku, nikiwa na suruali mbili. Mwalimu aliuliza maswali mawili badala ya moja, suan bu suan, teng bu teng, nami nilijibu kwa ukweli, na mara tatu nilisema teng akanitoa pembeni bila neno. Nilijifunza mtindo mmoja mzima na nusu ya mwingine. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya mitano. Nilipungua kilo sita. Kuhusu simu: WhatsApp haifunguki kule kwa njia ya kawaida, kwa hiyo wawekee wazazi WeChat kabla hujapanda gari, uwafundishe na kuitumia. Na uwaambie ukweli. Mama alijua habari ya mguu niliporudi Aprili, aliponiona nashuka kwenye treni ya Kigoma kwa kutanguliza mguu wa kushoto. Hakusema kitu kuhusu kikoba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa unaumwa peke yako?"

Kesho yake nilikwenda Ujiji. Bibi alinilaza kwenye mkeka, akapasha mawese. "Haya mume wangu, niambie. Inavuta au inachoma?"

Nilimjibu kwa makini, kama mtu anayetoa ushahidi. Haichomi tena. Inavuta nikikaa kwenye ubao wa mtumbwi. Asubuhi za baridi ina kitu kama ganzi, kidogo, hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nikae siku mbili, kwamba hapakandwi kwa haraka.

Sasa ninao watoto 16 kwenye mchanga uleule wa Kibirizi, wasichana saba. Teke langu la kulia halifiki pale linapofika la kushoto, na nimekubali. Tunapasha mwili dakika 15 hata jua likiwa kali. Niliwasimulia habari ya siki na kucha za mama wa jikoni, nao wakajitungia maneno yao bila kuniuliza. Ule uchachu wa kazi wanauita ndimu. Yale mengine wanayaita mwiba. Wakiwa wamelalia mapaja napita nyuma yao, mikono yangu nimeifunga mgongoni, nauliza, "Ndimu au mwiba?"

"Ndimu, mwalimu!" wanajibu karibu wote.

Juzi kijana mmoja wa miaka tisa, mwana wa mvuvi, ambaye ni hodari na hapendi kupitwa, alikaa kimya. Nikamrudia. Akageuza uso akatazama dagaa waliotandazwa, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mwiba." Nikamwambia aniwekee kidole. Akaweka chini ya goti, upande wa nje. Nikamshika mkono tukaenda mpaka majini, akakaa ukingoni mwa mtumbwi wa baba yake na mguu ndani ya ziwa, akawatazama wenzake wakimalizia.